Bei ya Koti

Duka letu liko Kiusa, nyuma ya mashine ya kusaga.
Pumba huingia dirishani, hutua juu ya kila tulichopewa:
sufuria isiyo na mfuniko, pasi ya mkaa,
kitanda cha mtoto ambaye sasa ananyoa ndevu,
buti la mlimani, la kushoto tu;
mwenyewe kaapa la pili linakuja.

Kazi yangu ni kuchambua.
Cha kuuza, huku. Cha kufumua na kushona upya, kule.
Wapo wanaotuletea aibu zao zimefungwa kwenye kiroba.
Hao nao nawaambia asante.

Jumanne alikuja mama wa Kibosho, Ndeonasia,
koti la marehemu amelibeba kifuani, ndani ya kanga.
Hakuliweka mezani.
“Mtalifanyia nini?”
Tutaliuza, mama.
“Halafu?”

Hapo ulimi wangu ukatafuta pa kukaa.
Halafu hela itaingia kwenye lile kopo,
itoke imekuwa uzi, imekuwa sindano,
imekuwa chai ya saa nne na maandazi mawili mawili,
imekuwa nauli ya Elinami, anayetoka Mabogini kwa miguu
siku zote isipokuwa za mvua.
Elinami alikuja hapa hajui kupitisha uzi tunduni.
Mwezi jana kashona sare sita za shule,
akalipwa, akahesabu mara tatu,
akanunua nyama kilo nzima,
na kesho yake akachelewa kazini
kwa usingizi wa shibe.

Mama akacheka.
Mkono wake haukucheka, haukuachia.

Tukapekua mifuko, ndiyo sheria ya duka.
Punje mbili za kahawa, kavu kama meno.
Risiti ya chama cha ushirika, ya mwaka ambao mimi sikuwepo:
kilo arobaini na moja, daraja la pili,
sahihi imepinda kama mtu aliyeandika amesimama.
Risiti akaitia kifuani.
Punje akanisukumia.
“Hizo zimo kwenye mchango.”

Akaondoka mikono mitupu, ameinama vilevile,
kama aliyetua mzigo wa majani ya ng'ombe
na mgongo haujapata habari.

Mwalimu Sekiete alisema elfu kumi na mbili.
Nikaandika nane, nikafuta.
Nikaandika ishirini, nikajionea haya.
Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la mauzo:
koti moja ni mshahara wa fundi wa siku moja na nusu.
Koti moja halimwajiri mtu.
Hilo hatulisemi wageni wanapokuja kupiga picha,
lakini nalijua, na kesho nafungua mlango saa mbili.

Julai ikashusha baridi yake, mlima ukajifunika wiki nzima.
Mlinzi wa ghala la mahindi akalinunua kwa kumi na mbili,
bila kuomba apunguziwe.
Mikono ilimmeza mpaka kwenye kucha.
Elinami akaipunguza, akalipwa elfu mbili,
na hizo hazikuwa za kopo,
zilikuwa zake.

Jioni moja Ndeonasia akatokea mlangoni, hajabeba kitu.
Alikuwa amesimama kona ya barabara muda mrefu;
nilimwona akiufuata kwa macho mgongo anaoujua
ukienda kulinda mahindi ya watu.
Hakuuita.

Akauliza, “Nani aliyepunguza mikono?”
Cherehani ikanyamaza.
Elinami akasimama, vidole vina chaki,
kama mwanafunzi asiyejua anaitiwa fimbo au zawadi.

Mama akamtazama, halafu akatazama sakafu, vipande vya nyuzi.
“Umenyoosha,” akasema.
“Yeye alikuwa anaikunja.”